Sauti ya Mama Kwenye King'amuzi

4 Machi

Mwanangu mpendwa,

Hujambo? Mjukuu wangu hajambo? Mimi mzima, isipokuwa goti, nalo nimeshalizoea.

Nakuandikia mbiombio. Kampuni ya king'amuzi inabadilisha mitambo; tarehe thelathini wanapita nyumba hadi nyumba kuchukua vya zamani. Na humo ndani, binti yangu, nimehifadhi kile kipindi watu wa televisheni walichomrekodi marehemu mama yako akishona miavuli sokoni. Dakika nne tu. Sauti yake nyingine hatuna. Nataka kukihamishia kwenye kompyuta niliyopewa nilipostaafu. Nimeunganisha waya huku na huku, umeingia barabara, lakini kioo cheusi tititi. Karani wa shule miaka thelathini na moja, leo nashindwa na waya! Nielekeze.

Baba yako

13 Machi

Shikamoo Baba,

Sisi hatujambo. Mjukuu wako ametimiza miaka minne, anaongea kama chiriku.

Baba, tundu ulilochomekea waya kwenye kompyuta ni la kutoa picha, na la king'amuzi nalo ni la kutoa. Umeweka wasemaji wawili chumbani bila msikilizaji. Nimekutumia kijidude cha kukaa katikati. Mkia wake unaingia kwenye kompyuta. Upande wa pili una matundu ya zile waya za rangi tatu: manjano ni picha, nyekundu na nyeupe ni sauti. Halafu bonyeza pale nilipokuchorea, uache kipindi kicheze hadi mwisho.

Nakuomba, Baba, kisipotee. Mazishini sikufika kwa ajili ya hizi karatasi zangu za ukaazi, ningetoka nchi hii, nisingerudi. Sasa nimeanza kuisahau sauti ya Mama. Kutwa nafua mashuka ya hoteli najaribu kuikumbuka, inanikataa.

Binti yako

29 Machi

Binti yangu,

Salamu kemkem. Kijidude kilifika juzi, na leo kazi imekwisha! Mama yako yuko ndani ya kompyuta, sindano mdomoni, anamtania mtangazaji wa watu. Nimemsikia kwa masikio yangu haya. Nimelia mpaka jirani akaja kubisha hodi.

Flashi iko ndani ya bahasha. Kesho wakija na wakichukue king'amuzi chao, sina haja nacho tena.

Baba yako

17 Aprili

Shikamoo Baba,

Flashi imefika. Mama anaonekana, mdomo unacheza, sauti hakuna. Nimejaribu kwenye simu, nimejaribu kwa jirani, nimempelekea fundi. Anasema sauti haikuingia kabisa. Ulichomeka waya zote tatu? Rudia, Baba. Niambie hawajakichukua.

Binti yako

3 Mei

Mwanangu,

Hata sijui nianze na salamu gani. Wamekichukua. Nimekwenda ofisini kwao mara mbili, wanasema kila kilichokuwamo kimeshafutwa.

Kosa ni langu. Kompyuta hii haina spika. Nikaona mama yako atakaa mbele yangu dakika nne ananitazama kimya, nikashindwa. Ya manjano nikaichomeka kwenye kijidude. Nyekundu na nyeupe nikazipeleka kwenye redio, nimsikie. Nikadhani sauti ikishajaa chumbani, kompyuta nayo itaipata. Mzee mzima! Nimejipa mimi, wewe nimekunyima. Nisamehe, binti yangu.

Kipindi kile nilikuwa nakitazama kila siku, nakijua chote. Nimekuandikia maneno yake kwenye karatasi ya pili, neno kwa neno. Weka picha, usome. Anapotoa sindano mdomoni anasema: "Mwavuli umevunjika ubavu mmoja unautupa? Na wewe ukivunjika ubavu tukutupe?" Anapoinama akicheka: "Usinichekeshe bwana, nitajichoma." Mwishoni anatazama kamera: "Hii binti yangu ataiona? Mwambieni aache kulala na nywele mbichi, atashikwa na mafua."

Baba yako

16 Julai

Shikamoo Baba,

Natumai u mzima. Sisi tunaendelea.

Nilikasirika, Baba, sitakuficha. Barua yako niliisoma mara moja nikaitia kabatini. Kila nikiikumbuka nasema, yeye amemsikia, mimi je?

Jana nimeitoa. Nimeweka picha nikawa nasoma kwa kufuata mdomo wa Mama. Mara ya kwanza nilimtangulia, mara ya pili nikachelewa, mara ya tatu maneno yakakaa mahali pake. Kumbe mjukuu wako yuko nyuma ya kiti anasikiliza. Akasema, "Mama, bibi ana sauti kama yako!" Nilitaka kumwambia si yeye, ni mimi ninayesoma. Sikuweza. Ndiyo sauti ya bibi yake anayoijua sasa, na sina nyingine ya kumpa.

Nimekusamehe, Baba, usijitese. Ila niambie, sauti ya Mama ilikuwa nzito kuliko yangu, au nyembamba? Alikuwa akisema upesi, au taratibu? Niandikie mapema, kabla na wewe hujasahau.

Binti yako