Ndugu wa Mfalme wa Uskoti

Dada Veronika, shikamoo.

Hapa Kwihara jua linachoma, lakini leo nimetetemeka. Mgeni ninayemtafsiria, Mskoti, alikuwa akimsimulia Bibi Kalunde, mwenyeji wetu, habari za mfalme wa kale wa ukoo wake. Nikatafsiri: "Alimuua mtoto wa baba yake mdogo, akatwaa kiti."

Bibi akaivuta kwake sahani ya matobolwa, viazi vikavu tulivyokuwa tunakula. "Alimuua ndugu yake?"

"Anasema si ndugu, ni binamu tu."

"Mtoto wa baba mdogo ni ndugu. Kwetu hana jina lingine. Mwambie!"

Nilishindwa kutafsiri. Nilikuwa namuwaza kaka yetu na Petro wa baba mdogo, na ule mpaka wa shamba wanaougombania.

Nawapenda nyote, dada. Panga la kaka lifiche mpaka nirudi.

Mdogo wako,
Agnesi