Kinyozi wa Wodi ya Figo

Mwaka umekatika, Baba Pacha, tangu tukulaze kaburini, na bado wapo wanaobisha hodi kuuliza kama kinyozi yupo.

Ulikuwa na maneno wewe. Mteja aliingia kanuna akatoka anacheka, hata kama kichwa umekikata kombo.

Figo zilipogoma, ulinyamaza. Ulikuwa ukirudi kutoka kusafishwa damu hospitali unajilaza na kuugeukia ukuta. Marafiki zako wa saluni walikuja mwanzoni, wakapungua, wakaisha. Walisema wanaogopa kukuchosha.

Kisha ukatangaza kwamba hospitali hutarudi tena. "Niacheni nipumzike," ulisema. "Nimekuwa mzigo."

Mama Pacha hakubishana nawe. Alikaa sakafuni kando ya kitanda, akakuuliza kinachokuuma zaidi ni nini. Ulilia, mtu mzima wewe. Ukamwambia sindano umezizoea, ila siku hizi hakuna anayekuuliza kitu isipokuwa ugonjwa. Akakaa nawe mpaka ukamaliza. Kesho yake mlikwenda pamoja.

Huko muuguzi alikuweka jirani na dereva mstaafu, mzee asiyesema na mtu. Ukamwambia ndevu zake zinaitia aibu wodi nzima. Akacheka. Safari iliyofuata ulibeba vifaa vyako ukamnyoa, na wengine wakaomba zamu. Chini ya mkono wako walisema wasiyoweza kuyasema majumbani mwao: hofu, hasira, hamu ya kuacha yote. Nawe ukawaambia yako. Ukaanza tena kula, ukaanza tena kututania.

Dereva alipofariki, wanawe walikuomba umnyoe mara ya mwisho. Ulirudi ukaugeukia ukuta tena. Safari hii hata Mama Pacha hakuweza kukuinua. Waliokutoa kitandani ni wagonjwa wenzako, waliokuja nyumbani wakiegemeana, miguu imewavimba. Hawakuhubiri. Walikaa tu, wakangoja mpaka ukavaa viatu.

Uliendelea kwenda nao, mara nyingi bila neno, hadi moyo wako uliposimama ukiwa kwenye mashine. Tungependa kusema uliondoka kwa amani. Hatujui. Mama mmoja wa kitanda cha pili alikuwa amekushika mkono, na hakuuachia mpaka tulipofika.

Unakumbukwa na mkeo Mama Pacha, mapacha wako, dada yako mshonaji, shemeji, wakwe, na wenzako wa wodi waliobaki.

Hatutakusahau, Baba Pacha, maadamu tunaishi.