Bibi Bado Anajibu Kila Asubuhi

Mshauri mpendwa, nisaidie, maana nimeficha jambo na sijui nimwambie nani. Mimi ni karani mdogo katika ofisi ya programu za kompyuta, najaribu programu itakayowakumbusha wagonjwa siku zao za kliniki, na kwa kuwa hatuwezi kuisumbua kompyuta ya kliniki kila saa, tuliiuliza mara moja tu, tukarekodi swali na jibu, na tangu hapo jaribio huuliza swali lilelile na kujibiwa na ile rekodi. Siku ya kurekodi nilihitaji jina la mgonjwa, bibi yangu mzaa mama akacheka, "Weka langu, mume wangu, nani ataiba magoti haya?" Basi kila asubuhi, mwanga ukiwa wa kijivu dirishani na mashine zikivuma taratibu kama watu waliolala, jibu linakuja: bibi anatarajiwa Jumatano, chumba cha pili, nami nasikia ndala zake zikija ukumbini, ingawa tulimzika kabla ya mvua. Sasa kliniki imebadili majibu yake, inataja jengo kwanza ndipo chumba, na programu yetu itasoma namba ya jengo kama chumba, lakini rekodi yangu haijui, majaribio yote yanafaulu, mkuu wangu ananipiga begani, "Kijana, wewe moto wa kuotea mbali!" na Jumatatu tunaanza, nikirekodi upya naogopa kufukuzwa, na zaidi naogopa nitakavyojibiwa nikimuulizia bibi.

Karani Mwoga

Mwanangu, pole kwa msiba. Sasa futa machozi nikugombeze.

Unayemsikia asubuhi si bibi yako. Ni jibu la siku moja alipokuwa hai, nawe unaliwekea kiti kila siku. Jumatatu bibi wa mwenzio atapanda ngazi kwa magoti kama yale, afike mlangoni aambiwe, "Mama, siyo hapa." Aanze kushuka. Huyo umemfikiria?

Kesho, kabla hujakaa, mwambie mkuu wako: "Rekodi imepitwa na wakati, tusianze Jumatatu." Atafoka, mwache afoke. Kisha waombe kliniki mgonjwa wa kubuni wa kujaribia, maana jina la mtu wa kweli, hata likitolewa kwa kicheko, si la kuachwa kwenye mashine. Na rekodi mpya ipangieni siku ya kurudiwa.

Ila kabla ya kuifuta ya zamani, muulizie bibi yako kliniki yenyewe, mara moja. Ukijibiwa hayupo, soma mpaka mwisho, usifumbe macho. Halafu futa. Yeye magoti hayamuumi tena. Anayeumwa anakuja Jumatatu.