Askari Ninayeogopa Kumsukuma

Riruta, Ijumaa, Julai 1956

Baridi imeshika tangu asubuhi na manyunyu hayakatiki. Nimevaa sweta mbili, lakini usingizi bado hauji. Najua si baridi.

Kesho nacheza sataranji mjini, katika klabu ambayo haijapata kumpokea mwanamke wala Mwafrika. Mume wa Mama Jasbir, mwenye duka la mbao pale Dagoretti Corner, amewasihi hadi wakakubali: mchezo mmoja tu, dhidi ya wakili mmoja wa kwao. Nikicheza vizuri nitapokelewa. Nikicheza ovyo mlango utafungwa, na mwenzangu yeyote atakayebisha hodi baadaye ataambiwa, "Tulishamjaribu mmoja."

Hilo la mwisho ndilo linaloniogopesha zaidi.

Mama Jasbir ndiye aliyenifundisha, barazani kwake, kwa kanuni za kwao Punjab. Huko askari, ile kete ndogo ya mstari wa mbele, hupiga hatua moja tu, hata anapoanza. Ndiyo maana nimezoea kucheza na kete nyeusi polepole: askari mmoja hapa, farasi pale, mfalme mafichoni, na ngamia pembeni akiutazama ubao wote kwa mshazari. Mjini askari anayeanza huruhusiwa hatua mbili. Nilidhani ulinzi wangu utavunjika. Kumbe unafaa vilevile. Mwenye kete nyeupe na ajaze katikati atakavyo. Mimi sijajifungia njia hata moja.

Leo baada ya kutoka shuleni kufundisha, nilicheza na Mama Jasbir kwa kanuni za mjini. Kete zangu zilikaa vizuri kama vyombo kabatini. Nikapanga, nikapanga tena. Askari wake weupe wakanisogelea hadi nikakosa pa kupumulia.

"Mwalimu, wewe nangoja nini?" akaniuliza, huku akimenya njugu. "Nyumba safi, chai tayari, mgeni nakula yote, wewe bado napanga vikombe."

"Natafuta wakati mzuri, Mama."

"Wakati mzuri lipita hapa. Lisalimia wewe, wewe hapana itika."

Nilicheka. Kisha nikashindwa.

Mchezo wa pili nilimsukuma askari wa katikati mapema. Ghafla ikawa zamu yake yeye kuhangaika: amle, au ampite? Njia ya ngamia ikafunguka hadi pembe ya mbali. Ndipo nikaelewa kwamba utulivu wote ule ni maandalizi ya msukumo huo mmoja. Bila huo, ni kujificha tu.

Kichwa kimeelewa. Mkono bado.

Kusema kweli, naupenda ulinzi huu kwa sababu unaniruhusu kuogopa bila mtu kujua. Kete zikipangwa vizuri, woga hufanana sana na busara. Hata mimi mwenyewe hudanganyika.

Kesho, mkono wangu utakapoanza kutafuta kete nyingine ya kupanga, nitajuaje kama ni woga au ni busara?

Labda sitajua. Basi nikishindwa, nishindwe askari wangu akiwa ameshatoka.