Kigae Kilichogeuzwa Juu Chini

Akko, nyanya yangu,

Salaam aleikum. Hutaitikia, lakini ulisema maiti husikia. Basi sikia.

Kile kigae ninacho mimi. Unakumbuka askari walipotuchimbisha mashimo ya nguzo za seng'enge hapa kambini Isiolo walikotufungia? Ulikitoa shimoni, ukakifuta kwa ncha ya leso: mstari uliopinda-pinda, na vitone vingi upande wake wa juu. Ukasema mstari ni maji, na vitone ni ng'ombe wa kwanza, waliotoka majini kabla watu hawajapata majina. Nikakuambia mwalimu wetu anasema michoro ya vyungu vya kale ni mapambo tu. Ukacheka. "Mwalimu wako amewahi kufinyanga? Nani atoboe udongo hivyo, ili uji upendezwe?"

Halafu ng'ombe wetu wakapigwa risasi na askari haohao. Hata Burre, uliyekuwa ukimkamua kwa wimbo.

Hukulia. Ulikitoa kigae, ukakigeuza juu chini. Maji juu, vitone chini. "Nilikisoma vibaya," ukasema. "Hawakutoka. Walizama."

Tangu hapo ukakataa uji. Nilikuletea kikombe, ukageukia ukuta. Nilikukasirikia, Akko, na bado. Mimi nilikuwa hai. Lakini sikuwa ng'ombe.

Kaburi lako lilichimbwa karibu na zile nguzo. Mjomba akatupa udongo juu, na ndani yake kigae kingine. Nikakificha kwenye leso, watu wakidhani nafuta machozi. Kinashikana na chako kama meno. Na hiki kina mdomo wa chungu, Akko, na mdomo haukai chini. Nikaviunganisha, mdomo juu: ng'ombe wako juu, maji chini.

Ulisoma sawa mara ya kwanza. Umekufa kwa kusoma vibaya.

Sasa huo ukweli niupeleke wapi? Zizi ni majivu. Nilimwonyesha mwalimu, akasema kwa Kiingereza, akarudia kwa Kiswahili nisije nikakosa kuelewa: mapambo. Nikavifunga tena kwenye leso. Unanijua, Akko. Nina lugha mbili za shule, na hakuna hata moja iliyonitoka mdomoni.

Lala, Akko. Siwezi kuandika kwamba nimekusamehe. Ninachoweza kukuahidi ni hiki: vigae vitakaa mdomo juu. Na siku nitakapopata ndama, hata awe kilema, nitamwita Burre. Nitamleta asimame karibu na kichwa chako, usikie kwato ziko upande gani.

Mjukuu wako, niliyebaki