Pipi za Kulalia Nilizompa Shemeji

Mpendwa Shangazi Opal,

Naomba msaada wako, na nakuomba jina langu lisitoke, maana katika kaunti hii mtu akipiga chafya kilima hiki, wa kilima cha pili anamwombea afya.

Mimi ni mwanamke wa miaka hamsini na minne, naendesha basi la shule huku milimani Kentaki mwaka wa kumi na tisa sasa, sinywi pombe, sijawahi kuvuta hata sigara ingawa baba yangu alilima tumbaku maisha yake yote, na mume wangu alipofariki miaka mitatu iliyopita usingizi uliondoka naye, nyonga inauma na kitanda ni kikubwa, basi siku moja naweka mafuta kwenye gari pale njia panda nikaona kwenye kaunta, kati ya chambo cha samaki na betri za tochi, vipakiti vya pipi laini vimeandikwa ni za kulalia, zimetokana na mmea ulio ndugu wa bangi. Nikamwuliza Dewey, mwenye duka, "Una hakika hii si bangi?" Akacheka akaniambia, "Mama, hii ni binamu yake aliyeokoka. Ingekuwa bangi, sherifu angekuwa anakunywa kahawa hapa kila asubuhi?" Na kweli sherifu alikuwa palepale anakoroga kahawa yake, hakugeuza hata shingo, nikanunua.

Nilianza na nusu nikalala kama mtoto mchanga, baadaye nusu ikawa haitoshi ikawa moja, sheria ikazibana zile za kwanza, Dewey akaleta nyingine zenye jina la herufi na namba nisiloweza kulitamka, kali zaidi, zikawa mbili, na sasa nakula nne, ya kwanza nikishamaliza tu kuosha vyombo vya chakula cha jioni. Sikujiona mtumiaji wa kitu chochote, Shangazi, kwa sababu watumiaji wa dawa za kulevya tunawajua, tumewazika.

Sasa nije kwenye lililoniliza. Dada yangu mdogo Nadine ameolewa na Hollis, dereva mwenzangu, ndiye aliyenifundisha kurudisha basi nyuma kwenye kona bila kuangusha sanduku la barua la mtu. Mwezi wa nane aliumia mgongo akipakia nyasi kavu, na Jumapili kwenye chakula cha pamoja cha kanisa alishindwa hata kukaa, anakula makaroni amesimama kama farasi, nikamhurumia, nikatoa tano kwenye mkoba nikazifunga kwenye karatasi.

"Nini hizi?" akaniuliza.

"Za kulalia. Za majani majani tu. Kula moja kila usiku."

"Ukiniua, ng'ombe wangu utalisha wewe."

"Ng'ombe wako walivyokonda, shemeji, hawatajua kama umekufa."

Akacheka, akazitia mfukoni. Alhamisi ya wiki hiyohiyo ofisi ya usafiri ikachomoa majina ya madereva wa kupimwa mkojo, jina lake likatoka, na mkojo ukaonyesha bangi. Wakamshusha kwenye basi. Naapa nilidhani kitu kinachouzwa mchana kweupe, kina muhuri wa maabara kwenye pakiti, kipimo nacho kingejua ni halali.

Jumapili iliyofuata Hollis alisimama mbele ya kanisa, kofia mkononi, akasema, "Ndugu zangu, mnanijua. Kitu hicho sijakigusa. Ama mashine imekosea ama damu yangu imekosea." Kanisa zima likasema amina, na mimi nikasema amina, Shangazi, kwa sauti. Tangu hapo anatafuta kilichomponza, ameacha kahawa, ameacha dawa ya kikohozi, Nadine anasema ametupa chooni hata vidonge vyake vya presha eti huenda ni hivyo, anataka kupimwa tena akiwa safi, lakini pipi zangu hajazifikiria hata mara moja, kwa sababu zilitoka kwangu. Na mimi jina langu likichomolewa kesho nimekwisha, nimebakiza mwaka mmoja nistaafu, na juzi kichwa kilikuwa kizito nikapita kituo cha kwenye mkunjo wa kijito bila kusimama, nikawaacha watoto wawili kwenye ukungu na mabegi yao, nikawaona kwenye kioo wananipungia.

Je, nimwambie, nipoteze kazi na dada kwa siku moja? Au ninyamaze, niache pipi kidogo kidogo, mambo yapoe? Na ni siku ngapi mpaka zitoke mwilini?

Wako,
Dereva asiyelala

SHANGAZI OPAL ANAJIBU

Dereva,

Pole kwa mume, na pole kwa nyonga. Kitanda cha mjane nakijua, changu nimelala peke yangu miaka kumi na mmoja. Pole zangu zinaishia hapo.

Umeniandikia kurasa tatu. Dewey na sherifu wamepata aya nzima. Vidonge vya presha vya Hollis umevitaja kwa maneno machache, halafu ukavipita kama ulivyowapita wale watoto. Mimi nimesimama hapo na sijatoka. Mwanamume mwenye presha amemwaga dawa yake chooni akitafuta kosa ambalo limo kwenye mkoba wako, na wewe unaniuliza kuhusu kustaafu?

Wazee walisema kikulacho ki nguoni mwako. Hollis hatakipata, hata akivua nguo zote, kwa kuwa hawezi kukushuku wewe. Anakupenda, mwanangu, na sasa hivi upendo huo unamuua. Nakasirika ninapoandika haya.

Na hilo la kusema wewe si mtumiaji, liache. Mtu anayeharakisha vyombo ili aifikie pipi ya kwanza ni mtumiaji. Si wewe peke yako. Tangu Pasaka nimepata barua kumi na nne kama yako: muuguzi, mzee wa kanisa, bibi mwenye wajukuu sita, watu wazima wote, wananunua pale wanaponunua mkate, wanaanza na nusu, na wote wananiandikia kwamba hiyo si bangi. Sheria ya dukani na sheria ya usukani ni mbili, na mkojo hausomi pakiti.

Haya, sikiliza. Leo huendeshi basi. Piga simu kwa mkuu wa usafiri, mwambie huwezi kazi, na hutakuwa umedanganya. Kisha chukua pakiti iliyobaki uende kwa Hollis. Usimtume Nadine, usipige simu. Mwambie, "Shemeji, ni mimi," halafu umwekee pakiti mkononi. Usianze na nyonga yako. Akikufukuza, toka, simama getini mpaka hasira ipungue. Jumapili usimame palepale aliposimama yeye, uifute ile amina yako.

Andika barua ofisini pia, kwa mkono wako na jina lako. Sikudanganyi, haitamrudisha kwenye basi. Wale hawaulizi nani alikupa, wanauliza nini kimo. Atapita kwa washauri wao, atapimwa upya, itachukua miezi. Lakini atajua kwamba damu yake haina kosa. Na wewe kazi huenda ikaondoka. Iondoke kwa barua yako kabla haijaondoka kwenye ule mkunjo, na watoto wa watu ndani.

Halafu daktari. Mwambie usingizi, mwambie nyonga, na mwambie nne. Usimwambie mbili.

Ni siku ngapi mpaka zitoke mwilini? Mtu mwenye watoto arobaini nyuma yake akiniuliza hivyo, simjibu.

Mficha uchi hazai, na wewe umekuja kuuficha mpaka gazetini. Majina yenu nimeyabadilisha. Lakini dereva aliyeshushwa kwenye basi mwaka huu ni mmoja, gazeti linatoka asubuhi, na kufikia chakula cha mchana watu watakuwa wameshajua. Nenda kabla ya chakula cha mchana.

Jambo la mwisho. Barua yako ilinifikia Jumatatu na presha haingoji gazeti la Alhamisi, kwa hiyo nilimpigia Hollis simu. Sikukutaja. Nilimwambia si vidonge, akachukue vingine kwenye duka la dawa siku hiyohiyo, na amechukua, nimeuliza. Akataka kujua mimi nimejuaje. Nikamwambia kuna mtu atakuja kumweleza mwenyewe. Akauliza, "Ni mtu ninayemjua?" Nikasema ndiyo. Nadine anasema tangu hapo anakaa barazani, na gari lako likipita anainua mkono kukusalimu, halafu anarudi kutazama barabara.