Siku Niliyoshinda Rumonge

Rumonge,
12 Rajabu 1328

Mpendwa mpwa wangu Kassimu,

Salamu nyingi, na amani ikushukie hapo Tabora. Kile kifua kimepoa? Na Mwasiti, ameshajifungua salama? Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio unaoniuma, na sababu utaisoma hapa chini.

Ulinituma nimwozeshe dada yako Sharifa kwa niaba yako, kwa kuwa baba yenu ni marehemu nawe ndiwe walii wake. Meli ya Wadachi ilikawia Ujiji ikitengenezwa, hata Ijumaa ya harusi ikanipita ningali kule. Tulifika Rumonge Jumamosi asubuhi, meli ikatia nanga kupakia kuni.

Ufukweni nilimkuta bibi mmoja Mrundi akipasua kokwa za chikichi. Nikamwuliza, kwa Kirundi changu ninachojivunia, harusi ya Sharifa ni lini. Akajibu neno moja: "Ejo." Nikaelewa kuwa ni jana. Nikawaza, basi mwalimu wa hapa ameshasimama mahali pangu, maharusi wamo ndani, si adabu kuwabishia hodi.

Kassimu, nilifurahi. Nilijiona nimetuliwa mzigo, nikaenda kutembea.

Mji huu una vituko. Kinyozi wao hunyoa akiwa ameelekea ziwani, asipitwe na chombo kinachoingia. Ukimwona mtu ana kovu kisogoni, jua siku ile ilifika meli. Mbele kidogo nilisikia "Hodi!" ikitoka ndani ya nyumba, nami nikaitikia, "Karibu." Kumbe ni kasuku. Mwenye nyumba, Athumani seremala, alicheka hadi akaketi.

"Mzee, nyumba ni yangu na wewe ndiwe unakaribisha? Ingia basi, uji iko."

Nilikaa kwake hadi meli ilipopiga mluzi, nikapanda tena nizunguke nayo hadi irudi Ujiji. Nilikuwa nimemweleza kwamba natoka Ujiji, nami ni mjomba wa Sharifa. Habari za harusi sikumwuliza.

Melini nilimsimulia baharia mmoja wa Nyanza ya Urundi, jina lake Amissi.

"Mzee, ejo ni jana, na ejo ni kesho vilevile. Wewe ulichukua gani?"

"Jana."

"Ulichukua ile nyepesi."

Ni kweli, mwanangu. Warundi hutenganisha siku hizo kwa kitenzi. Bibi yule angetaka jana angesema "bwari ejo", yaani ilikuwa jana. Mtu anayejua hilo, kisha asiulize mara ya pili, huyo hakutaka kujua. Nahodha alikataa kurudi. Niliteremka Usumbura, nikatafuta mtumbwi wa kunirudisha Rumonge.

Nilipofika, Jumapili ilikuwa imepita. Harusi walikuwa wameisogeza hadi siku hiyo kwa ajili yangu. Pilau ililiwa bila nikahi. Athumani, bila ubaya, aliwaambia watu kwamba mjomba wa bibi harusi alikuja, akanywa uji, akaondoka. Wazee wa Hamissi, bwana harusi, wakaona hiyo ndiyo njia yako ya kukataa. Wamerudi kwao, na hawataki tena kusikia neno kupitia kwangu.

Sharifa hakunilaumu. Hina bado imo mikononi. Aliniuliza tu, "Mjomba, siku ile ulikuwa wapi?"

Nikamwambia, "Nilikuwa hapa hapa."

Hajaniuliza tena.

Basi njoo mwenyewe, uwaambie kwamba hukukataa, na kwamba kosa ni langu peke yangu. Nitasimama kando yako na kulikiri mbele yao.

Nisalimie Mwasiti na bibi yenu Chausiku. Mungu akurahisishie njia, na asimhesabie Sharifa uvivu wa moyo wangu.

Ni mimi mjomba wako, akupendaye ingawa amekukosea,
Asmani bin Hadji